Jeneza Lililokatazwa Kufunguliwa

Kituo kilikuwa juu ya ukingo wa Ruvuma, pale ambapo barabara ya vumbi inakwisha. Baada ya barabara ni mto, na baada ya mto ni nchi ya watu wengine. Kulikuwa na mahema, mahandaki yaliyozungushiwa magunia ya mchanga, bendera moja, na nyani wengi. Koplo Alute Ntandu alipopelekwa pale aliambiwa ni kwa miezi sita. Mwaka wa pili ulipoanza aliacha kuuliza.

Adui waliyeambiwa wamsubiri alikuwa ng'ambo, watu wenye bunduki waliokuwa wakichoma vijiji vya huko. Waliwahi kuvuka mara moja, kabla Alute hajafika, na askari wa zamani walikisimulia kisa hicho mpaka kikachakaa. Tangu hapo waliovuka ni tembo, na wakimbizi wachache wenye magodoro kichwani. Kazi ya askari ikawa kutazama maji. Unakaa lindoni, bunduki magotini, mbung'o wanakung'ata kupita kombati, jua linawaka mpaka chuma hakishikiki. Jioni ni ugali na maharage. Kesho hivyo hivyo.

Kilichomsaidia Alute asichanganyikiwe ni Sixbert. Praiveti Sixbert Msengi alikuwa mtu wa Ulemo, Iramba, na Alute ni wa Mungaa, upande wa Ikungi. Nyumbani wangeweza kupishana mnadani kila mmoja akaenda zake. Kule mpakani mtu wa Singida akawa ndugu.

"Nyie Wanyaturu mnajua kufuga kuku tu," Sixbert alikuwa akimwambia. "Na kuku mwenyewe analiwa Dar es Salaam. Nyie mnabaki na manyoya."

Alute humjibu kwamba Mnyiramba ananuka vitunguu hata akioga Ruvuma nzima. Utani ulikuwa ule ule kila siku, na kila siku waliucheka, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko. Watu walipanga foleni hapo. Alute aliongea na mkewe Theodora kwa kupaza sauti, na foleni nzima ikasikia mambo ya nyumba yake: alizeti imekomaa, paa la jiko limeezuliwa na upepo, Asnath alikuwa na surua lakini amepona. Asnath ni binti yao. Baba yake alipoondoka, alikuwa bado ananyonya. Sasa alikuwa akiongea maneno yote, lakini akipewa simu ananyamaza.

"Anaona aibu," Theodora alisema. "Hajaizoea sauti yako."

Maji ya kituo yalivutwa kwa pampu kutoka mtoni hadi kwenye tangi. Kiangazi kile pampu ikafa. Mkuu wa kituo aliripoti kwa redio, akajibiwa kwamba nyingine itakuja. Akaripoti tena, akajibiwa kwamba iko njiani. Ikiwa bado iko njiani, askari wakaanza kushuka mtoni na ndoo, wawili wawili: mmoja anachota, mwenzake anasimama na bunduki akiangalia mamba. Mamba walikuwepo, kila mtu aliwaona wakiota jua kwenye mchanga. Siku za mwanzo waliogopa. Baadaye wakazoea, na mtu akizoea anaanza kuongea habari nyingine.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Alute na Sixbert. Sixbert alivua buti, akakunja suruali, akaingia mpaka maji yakamfika magotini, kwa sababu ukingoni palikuwa na tope. Alikuwa akisimulia harusi ya binamu yake kule Kiomboi, jinsi bwana harusi alivyochelewa kwa ajili ya pancha. Akainama na ndoo. Alute aliona maji yakivimba, halafu hakuona mtu.

Alifyatua risasi mpaka magazini ikaisha. Alipiga maji matupu, maana angelenga wapi, na mwenzake yumo humo humo? Ndoo ilielea, ikazunguka taratibu, ikaondoka na mkondo. Sixbert hakupiga kelele. Hakupata nafasi hiyo.

Walimtafuta kutwa nzima. Kesho yake wavuvi wa ng'ambo walivuka na mtumbwi, wamefunika kitu kwa matawi. Ulikuwa mguu wa kulia, kuanzia chini kidogo ya goti. Kingine hakikupatikana, siku hiyo wala baadaye.

Mguu ule ulipelekwa mochwari mjini, ukatiwa dawa, ukawekwa kwenye jeneza la kimo cha mtu mzima pamoja na sare iliyonyooshwa pasi. Luteni Urbano, kijana ambaye hakuwa na muda mrefu tangu atoke chuoni, alipewa jukumu la kuusafirisha. Alute alipewa kazi ya kumsindikiza, kwa kuwa ni mtu wa huko. Kabla hawajaondoka, mkuu wa kituo aliwaita.

"Familia itaambiwa amefariki akiwa katika ulinzi wa mpaka," alisema. "Na ni kweli, alikuwa mpakani. Jeneza halifunguliwi. Mkiulizwa, semeni ni sababu za kiafya."

"Na pampu, afande?" Alute aliuliza.

"Koplo, wewe unakwenda kuzika au unakwenda kuleta pampu?"

Wakaondoka. Walipofika Manyoni ardhi ikaanza kufanana na ya nyumbani, vichaka, mawe na mbuzi. Ikungi walipita bila kusimama, ingawa Alute aliiona njia ya kwenda Mungaa ikiingia kulia kwake, na bodaboda wamekaa hapo wakisubiri abiria. Alishampigia Theodora simu. Luteni alikuwa amekubali kwamba wakati wa kurudi watasimama hapo kidogo. Wakati wa kwenda, na maiti garini, haikuwezekana.

Ulemo walipokelewa na watu wengi kuliko walivyotarajia. Vijana walijipanga kando ya barabara kutoka njia panda. Baba yake Sixbert, Mzee Ezekieli Msengi, alisimama mbele ya nyumba amevaa koti zito katikati ya jua kali. Aliwahi kuwa mgambo enzi zake, na ndiye aliyemsindikiza mwanawe siku ya usaili wa jeshi. Alipoona bendera juu ya jeneza alikaza mikono ubavuni, akasimama wima mpaka jeneza lilipopita.

Luteni alitoa salamu za rambirambi. Alisoma vizuri, sauti yake haikutetereka. Alisema Praiveti Sixbert Msengi alipoteza maisha akitekeleza jukumu takatifu la kulinda mpaka wa nchi. Watu wakaitikia kwa mguno. Mzee Ezekieli akaomba kusema neno.

"Mimi silii," alisema. "Mwenye kulia na alie. Nilitoa mtoto kwa taifa, na taifa limeniletea bendera. Mwanangu hakufa kwa pombe wala kwa pikipiki. Amekufa kiume, bunduki mkononi. Nani hapa Ulemo amezaa kama huyo?"

Alute alitazama chini.

Mchungaji aliposimama kuanza ibada, mama yake Sixbert alitoka kwenye kundi la wanawake. Aliitwa Rahabu, mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Akaja mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Nifungulieni nimwone," alisema.

Luteni akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, ni sababu za kiafya.

"Nimemlea na surua, na kuhara, na vidonda. Leo ndiyo afya yake imekuwa hatari kwangu?"

"Ni amri, mama."

"Amri ni yako. Mtoto ni wangu."

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa ukoo alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu waliwahi kuzika mgomba wakidhani wanazika ndugu yao, na ndugu huyo akaonekana mnadani baada ya mwaka, hajui hata jina lake. Wanawake wakashika vichwa. Mzee Ezekieli alimwambia mkewe asimwaibishe mbele ya wageni. Rahabu hakumtazama. Alitembea mpaka kaburini, akakaa juu ya udongo uliochimbuliwa.

"Nilizaa mtu, sikuzaa sanduku," alisema. "Mpaka nimwone, hakitafukiwa kitu hapa."

Ibada ikasimama. Watu wakakaa vivulini wakisubiri, jua likaanza kuinamia magharibi, na vijana waliochimba kaburi wakaegemea majembe yao. Luteni alimvuta Alute pembeni.

"Wewe ni mtu wa huku. Kaongee naye akubali, tuzike, tuondoke."

Alute alikwenda, akachuchumaa karibu na ule udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Alute?"

"Ndiye mimi."

"Alikuwa akikutaja. Alisema unakoroma kama trekta." Akatazama upande aliko Luteni. "Umetumwa uje unitulize."

"Ndiyo, mama."

"Basi nitulize."

Alute alikuwa amepanga maneno akiwa njiani kuja pale. Yalikuwa maneno mazuri, ya Mungu na ya taifa. Hakuona namna ya kuyaanza.

"Mama, ukifungua utaona kitu ambacho hakitakutoka machoni."

"Nisichokiona ndicho kitakachonila."

"Hakuna uso, mama."

Rahabu alimgeukia. "Lilikuwa bomu?"

"Hapana. Ni mamba. Alikuwa anachota maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kunywa na ya kupikia."

"Jeshi zima halina maji?"

"Pampu ilikuwa imeharibika."

Rahabu aliliweka neno lile kinywani bila kulitamka, midomo tu ikacheza: pampu. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa na bunduki. Nilipiga, lakini nilipiga maji."

Alute alingoja amlaumu. Angefarijika kama angemlaumu. Rahabu alichukua bonge la udongo, akalivunjavunja.

"Ndani mmeweka nini?"

"Mguu. Wa kulia."

"Nataka kuushika," alisema. Hakuwa anaomba.

Alute alirudi kwa Luteni akasema mama amekubali, ila anataka jeneza liingizwe chumbani aage akiwa na mumewe. Luteni alishusha pumzi akaruhusu. Vijana wakaliingiza jeneza, wakaliweka juu ya mkeka, wakatoka. Wakabaki watatu: Rahabu, Mzee Ezekieli na Alute. Alute akafunga mlango, akatoa kisu chake, akaanza kulegeza skrubu moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza. "Si ni amri?"

"Ni amri, baba."

Alipoinua mfuniko, harufu ya dawa ilijaa chumba. Rahabu alipiga magoti. Alitoa sare, akaikunja, akaiweka pembeni. Akafunua kitambaa. Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na kovu refu, jeupe, lililopinda kama mundu. Aliliwekea kidole.

"Ng'ombe walishtuka," alisema, na hakujulikana anamwambia nani. "Alikuwa anaongoza ng'ombe, plau ikampitia hapa. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, nikiwa na mimba."

Akamwomba Alute maji. Alute alichota bakuli kutoka kwenye mtungi uliokuwa kwenye kona, akamshikia. Rahabu aliuosha ule mguu, vidole kimoja kimoja, akaukausha kwa kanga yake, akaupaka mafuta. Hakulia. Alifanya kazi kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

Mzee Ezekieli alikuwa amesimama ukutani. Hakusogea karibu.

"Kwa hiyo hapakuwa na vita," alisema.

"Hapakuwa, baba."

"Na bunduki?"

"Alikuwa na ndoo."

Mzee akakaa kwenye kitanda. Koti lilimpanda mabegani, akaonekana mdogo ndani yake.

"Nani alikuomba uniambie mimi?"

"Mama aliomba kuona."

"Mama yake aliomba. Mimi sikuomba. Mimi nilisimama mbele ya watu wote hawa nikasema alikufa kiume. Umenisikia nikisema. Kwa nini hukuniacha hapo? Nilikuwa na mahali pa kusimama, wewe kijana. Sasa kila mnada nitakaokwenda watasema yule ndiye baba wa aliyeliwa na mamba akichota maji kama mtoto wa kike."

"Samahani, baba."

"Toka nyumbani kwangu."

Rahabu hakuinua kichwa. "Mwache aseme," alimwambia Alute. "Wewe nenda, mwanangu. Umenipa wangu."

Alute alikaza skrubu, akatoka. Jeneza lilibebwa hadi kaburini. Kabla halijateremshwa, Rahabu alisimama mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimemwona. Ni mwanangu. Ni mguu wake mmoja, mwili uliobaki umeliwa na mamba, akichota maji kwa sababu pampu ya jeshi ilikuwa mbovu. Hakuna mgomba humu. Sasa tuzike."

Luteni Urbano alimtazama Alute, kisha akatazama bendera. Walizika. Ilipofika zamu ya wazazi kuweka udongo, Rahabu aliweka. Mzee Ezekieli hakutoka ndani.

Garini, baada ya kuipita njia panda, Luteni alisema, "Umenimaliza, koplo."

"Ndiyo, afande."

"Nikirudi nitasema nini?"

"Sema ni mimi."

"Nitasema ni wewe," Luteni alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kijana aliyeogopa.

Walilala Singida Mjini, asubuhi wakaendelea. Ikungi dereva alisimama kando ya barabara. Theodora alikuwa ameshafika na bodaboda kutoka Mungaa, amembeba Asnath, na kapu lenye kuku wa kukaanga na viazi vitamu. Alikuwa amevaa gauni ambalo Alute hakuwahi kuliona. Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama dereva, kama anayetaka kuambiwa ni yupi.

"Msalimie baba," Theodora alisema.

"Shikamoo," mtoto alisema, akaficha uso kwenye shingo ya mama yake.

Alute alimshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu. Mtoto aliuvuta.

"Pole na msiba," Theodora alisema. "Kituo cha bodaboda wanasema huyo mwenzako kaliwa na mamba. Ni kweli?"

"Watu wanasema mengi."

"Ni kweli?"

"Homa ilimpanda kichwani," Alute alisema. "Malaria. Kule iko kali."

Theodora alimtazama kwa muda. "Na nyinyi maji mnachota wapi?"

"Kuna pampu. Inavuta mpaka kwenye tangi. Hatushuki mtoni."

Dereva alipiga honi. Theodora alimpa kapu, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa, akauliza likizo ni lini. Alute akasema karibuni. Gari lilipoondoka hakugeuka nyuma, kwa sababu Luteni alikuwa anamwangalia kwenye kioo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya gari tupu. Walipofika kwenye mji wenye bohari ya vifaa, Luteni aliagizwa kwa redio apitie achukue mzigo wa kituo. Mtunza bohari aliwaelekeza kwenye kona. Pampu ilikuwa pale, mpya, bado imefungwa kwa nailoni, juu yake vumbi.

"Iko hapa tangu lini?" Alute aliuliza.

"Ilikuwa inasubiri gari," mtunza bohari alisema. "Magari ya kwenda kule hayapatikani."

Waliibeba watu wawili. Waliiweka pale pale jeneza lilipokuwa limewekwa wakati wa kwenda.

Pampu ilifungwa, maji yakapanda kwenye tangi, watu wakaoga. Alute alisimamishwa mbele ya mkuu wa kituo kwa kosa la kuvunja amri. Aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Alivuliwa tepe zake mbili akawa praiveti. Likizo yake ilifutwa, na muda wake pale mpakani ukaongezwa. Luteni Urbano alihamishiwa kwingine, na hakumuaga.

Mvua za kwanza zilipokwisha, Alute alipanda kichuguu kumpigia Theodora. Nyuma yake walikuwa askari watano sita wakisubiri. Theodora alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Nilikwenda Ulemo," alisema.

"Ulemo kufanya nini?"

"Kumpa pole mama wa mwenzako. Nilibeba unga na kuku. Ningekaaje hapa bila kwenda, na alikuwa rafiki yako?" Akavuta pumzi. "Amenieleza yote. Mume wake hasemi naye mpaka leo, anakula kwa kaka yake. Amenieleza ulivyofungua, na ulivyomshikia bakuli la maji. Anakuombea kila siku."

Alute aliibana simu sikioni.

"Mama wa watu ulimwambia," Theodora alisema. "Mimi mkeo ukaniambia malaria. Ukaniambia kuna pampu."

"Pampu ipo."

"Ipo sasa. Siku ile haikuwepo."

"Nilitaka upate usingizi."

"Nilikuwa nalala kwa kukuamini, Alute. Sasa ukiniambia uko salama nitajuaje? Ukiniambia umekula, nitajuaje?"

Kwenye foleni mmoja alijifanya anafunga kamba za buti.

"Nipe Asnath," Alute alisema.

"Asnath yuko kwa bibi yake," Theodora alisema, na hapo hapo simuni, nyuma ya sauti yake, Alute alisikia mtoto akiimba.

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni Theodora. Alisubiri kidogo, mkono juu, akiitafuta alama ya mtandao, kisha akashusha mkono.

"Umemaliza, koplo?" askari aliyekuwa wa pili aliuliza. Ulimi wake ulikuwa bado na mazoea.

"Mimi si koplo," Alute alisema, akateremka, akampisha.